Kugombania nafasi ya nyurosajari ukiwa mwanafunzi wa udaktari Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaniuliza mambo yaleyale kila tukikutana, wadini, stejini, hata nje ya msikiti baada ya swala, kwa hivo nimeyaweka pamoja hapa. Mie ni daktari wa wadi ya upasuaji huku Pwani, si konsaltanti (daktari bingwa), lakini nimefanya kazi na marejista, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, na nimekaa na wenzangu walioaplai hapa nyumbani na ng'ambo, na hii fani ya nyurosajari, yaani upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, naipenda kwa dhati. Mengi hapa ni ya mwanafunzi wa MBChB (shahada ya kwanza ya udaktari) na mtu aliye intanshipu, mzazi naye ana sehemu yake huko chini.

Kwani ushindani ni mkali hivo kweli, ama watu watutisha tu?

Ni mkali. Marekani nafasi za mafunzo za mwaka wa kwanza za nyurosajari ni kama 240 hivi kwa nchi nzima, nchi yenye watu zaidi ya milioni 330. Programu za mafunzo ziko zaidi ya 100 lakini nyingi zachukua mtu mmoja, wawili ama watatu kwa mwaka, basi. Na wale wanaoomba si watu wa kubahatisha, mtu mpaka afikie kuandika nyurosajari kwenye fomu huwa keshachujwa mara nyingi na yeye mwenyewe keshajipima. Uingereza ndo finyu zaidi, nafasi za kuanzia ST1, yaani mwaka wa kwanza wa mafunzo ya ubingwa, ni makumi machache tu kwa mwaka na ukiingia wakaa miaka 8 mpaka ST8.

Sasa hapa kwetu ushindani una sura nyingine kabisa. Hugombani na mamia ya watu, mnaweza kuwa wachache tu mnaoitaka hiyo nafasi, lakini milango yenyewe ni ya kuhesabu na kila mlango una kufuli zake: pesa ya ada, ruhusa ya kaunti, na kama kuna konsaltanti mwenye nafasi ya kukufundisha. Nimewaona vijana wanaohangaika na maksi usiku na mchana na maksi zenyewe wanazo tayari, tatizo ni kwamba hakuna hata mtu mmoja wa nyurosajari anayewajua kwa kazi yao. Hilo ndo jambo ambalo ntalirudia sana hapa, mtanisamehe.

Lakini kama madaktari wa ubongo ni wachache hivi, mbona wasifungue nafasi nyingi tu?

Hili swali laniuma. Kuna kipimo kinachotajwa sana cha daktari 1 wa upasuaji wa ubongo kwa kila watu 200,000. Sensa ya 2019 ilituhesabu Wakenya milioni 47.6, piga hesabu mwenyewe, twahitaji karibu 240. Yaani idadi ambayo Marekani yaingiza kwenye mafunzo kila mwaka ndo idadi nzima ambayo Kenya yote ingetosheka nayo, na hatujafika hata nusu, na hao waliopo wengi wamekaa Nairobi. Dunia nzima ilishakadiriwa kwamba watu milioni 5 na zaidi kila mwaka wakosa upasuaji wa ubongo ama uti wa mgongo waliouhitaji, na karibu wote ni wa nchi kama zetu.

Sababu ya nafasi kuwa chache ni kwamba huwezi kufundisha mtu fani hii kwenye darasa. Yahitaji konsaltanti asimame na wewe mezani, yahitaji mashine ya CT isiyoharibika, ICU yenye vitanda, drili, hadubini ya upasuaji, na wagonjwa wa kutosha wa kila aina sio vichwa vya ajali peke yake. Hospitali ikikosa kimoja wapo basi haipewi kibali cha kufundisha. Kwa hivo nafasi haziongezeki kwa mtu kutia sahihi barua, zaongezeka kila anayehitimu akirudi mahali kama Mombasa na kukaa.

The Match ya Marekani ni kitu gani hasa?

Ni utaratibu wa kuwapangia madaktari nafasi za mafunzo ya ubingwa. Waomba kupitia mfumo mmoja unaoitwa ERAS, kuanzia Septemba. Programu zikikupenda zakuita intavyuu, miezi ya Oktoba mpaka Januari hivi. Baada ya hapo wewe waandika orodha ya programu kwa mpangilio wa unavyozitaka, nazo zaandika orodha ya watu kwa mpangilio wao, halafu kompyuta ya NRMP, shirika linaloiendesha Match, yaoanisha. Wiki ya Match huwa mwezi wa Machi, Jumatatu waambiwa kama umepata ama umekosa, Ijumaa ndo wajua wapi. Na ukishapangiwa umepangiwa, ni mkataba, hakuna kurudi nyuma kutafuta pazuri zaidi.

Hiyo hesabu ya kuoanisha imetoka kwenye kazi ya Lloyd Shapley na Alvin Roth, ndo waliopewa Nobel ya uchumi 2012. Imetengenezwa kumpendelea muombaji, kwa hivo usijaribu ujanja wa kuweka juu programu unayodhani itakuchukua na kushusha ile uitakayo moyoni, ule ujanja wakuumiza wewe mwenyewe. Andika ukweli wako kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho.

Siku hizi pia kuna signo, yaani wazitumia programu kadhaa ishara kwamba wewe wazitaka kweli. Zilikuja manake watu walikuwa wanaaplai kila mahali na programu hazijui nani ana nia.

Step 1 sasa ni kupasi ama kufeli tu, si mambo yamekuwa rahisi?

Hapana. Step ni mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani. Tangu mwisho wa Januari 2022 Step 1 haitoi tena namba, na ule uzito wote umehamia Step 2 CK, mtihani unaofuata, ambayo bado yatoa namba, na kwenye utafiti, na kwenye barua za mapendekezo. Zamani mwanafunzi wa chuo kisichojulikana angeweza kupiga namba kubwa Step 1 akatupiwa jicho, sasa hivi ile njia imefungwa kiasi. Kwa mtu anayetoka Kenya mie naona mabadiliko haya yametuumiza, manake namba ilikuwa haina uraia wala haina jina la chuo. Basi Step 2 CK ndo uichukulie kwa uzito wote, usiifanye huku umechoka na intanshipu kwa sababu ukishapasi na namba ndogo huwezi kuirudia.

Step 1 usiifanye kama hujawa tayari, na usidhani kupasi kwa mara ya pili kwafuta mara ya kwanza. Programu zaona.

Nasikia watu wana pepa ishirini, thelathini. Mie sina hata moja. Nimekwisha?

Hujakwisha, ila elewa hizo namba ni za nini. NRMP yenyewe hutoa takwimu za waliopata, na kwa nyurosajari wastani wa kazi za utafiti wanazoandika wanafunzi wa Marekani waliopata ulishapita 20 zamani na wazidi kupanda. Lakini hapo wamejumlisha kila kitu: makala yaliyochapishwa, mabango ya kongamano, muhtasari, mazungumzo. Mtu mmoja aweza kufanya kazi moja akaiwasilisha mahali patatu, ikahesabiwa mara nne na makala yenyewe.

Haya mashindano ya idadi mie siyapendi na sitajificha. Yamewafanya vijana waandike vitu ambavyo wao wenyewe hawaviamini. Kwenye intavyuu hukaa mtu aliyefanya hiyo kazi miaka thelathini akakuuliza swali moja tu, kwa nini ulichagua kipimo hiki na sio kile, na kama jina lako liliwekwa kwa hisani utajulikana hapohapo. Pepa mbili ambazo data ulikusanya mwenyewe faili kwa faili zina nguvu kuliko kumi za kupachikwa. Na jihadhari na majarida yanayokuandikia barua pepe ya "mtafiti mheshimiwa" yakitaka dola mia kadhaa kisha yachapishe kwa siku tatu, ukiweka hizo kwenye wasifu wako wajiharibia.

Utafiti gani naweza kufanya Mombasa bila maabara?

Mwingi mno, na hapa nataka tukae kidogo.

Angalia nani analazwa. Vijana wa bodaboda bila helmeti kutoka barabara ya Malindi. Wagema walioanguka minazi wakavunjika uti wa mgongo, hawa ni wa kwetu Pwani, huko bara hawawaoni, wewe ukiandika vizuri kuhusu majeraha ya mgema, aliangukia nini, alibebwa vipi mpaka hospitali, alifungwa shingo ama alikunjwa kwenye tuktuk, alifika baada ya saa ngapi, basi umeandika kitu ambacho daktari wa Nairobi hana na wa Boston hana. Watoto wa kichwa maji wanaoletwa wakiwa na miezi sita wakati kichwa kilianza kukua tangu wiki za kwanza. Kila kundi hapo lina swali lake, na swali lenyewe hujibiwa kwa faili, kalamu na mtu mvumilivu. Kwa mfano chukua wagonjwa wa majeraha ya kichwa na upime tu muda kutoka mlangoni mpaka skani, na kutoka skani mpaka thieta. Kazi kama hiyo yaweza hata kubadilisha utaratibu wa hospitali kabla haijachapishwa.

Na msidhani Afrika Mashariki ni mahali pa kukusanya data tu. Ile njia ya kutibu kichwa maji bila kuweka mrija, kwa kufungua tundu kwenye sakafu ya ventrikali ya tatu (chumba cha maji ndani ya ubongo) kwa endoskopu na kuunguza tishu inayotengeneza maji, Benjamin Warf aliikuza Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE miaka ya mwanzo ya 2000. Alifanya hivo manake mrija ukiziba na mtoto yuko kijijini mbali na hospitali, mtoto yule afa. Leo watoto wa Boston wafanyiwa kitu kilichopevukia Mbale.

Taratibu zake: andika pendekezo, tafuta msimamizi, pata idhini ya kamati ya maadili, pata leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, pata barua ya hospitali yenyewe. Usiguse faili hata moja kabla ya hizo karatasi, hata kama mtu wa rekodi ni jirani yako Kisauni.

Barua za mapendekezo nazipata vipi? Mie konsaltanti namuogopa hata kumsalimia.

Hapa ndo penyewe. Nyurosajari ni familia ndogo, Kenya na dunia nzima. Anayekuchukua anajua atakaa na wewe miaka sita, saba, saa nane za usiku, mgonjwa yuko mezani anavuja damu. Maksi zako zamuonesha unaweza kusoma. Barua ya mtu anayemjua ndo yamwambia kama unaweza kuaminika.

Na kuaminika kwaanza na vitu vidogo. Chukua simu ya usiku. Intani mmoja apiga: "Daktari, kuna mgonjwa wa kichwa hapa, hali yake mbaya." Halafu kimya. Konsaltanti yuko kitandani hajui aamke ama aulize. Intani mwingine apiga, na GCS anayoitaja ni kipimo cha fahamu ya mgonjwa: "Daktari shikamoo, samahani kwa usiku. Mwanamume wa miaka 24, bodaboda, alifika saa nne akiwa GCS 13 anazungumza akaomba maji, sasa hivi ni 9, macho hafungui mpaka nimbonyeze kucha. Mboni ya kulia imepanuka, haishtuki na taa. Skani yaonesha damu nje ya dura upande wa kulia. Oksijeni amewekewa, shingo imefungwa, nimeomba yuniti mbili za damu, thieta wameshaambiwa, mamake yuko hapa na ameelezwa." Yule wa pili konsaltanti atashuka ngazi huku avaa shati. Na lile jina halisahau. Hakuna mtihani unaopima hilo na hakuna pesa inayonunua, na mwanafunzi wa Mombasa aweza kulifanya sawasawa na mwanafunzi wa popote pale duniani.

Ile GCS yenyewe ilitolewa Glasgow 1974 na Teasdale na Jennett, watu wengi waikariri wasijue kuitumia. Usiandike "GCS 9" peke yake, andika macho ngapi, sauti ngapi, mwendo wa viungo ngapi, manake 9 moja si sawa na 9 nyingine, na anayekuja zamu ya asubuhi ataka kujua ni kipi kilichoshuka.

Basi kumsogelea konsaltanti usianze na barua. Anza na kuomba kuhudhuria raundi yake, fika kabla yake, wajue wagonjwa wake kwa majina. Baada ya miezi kadhaa muombe kazi ya utafiti. Barua ije mwisho, na ukiiomba uliza hivi, "Daktari, waona waweza kuniandikia barua nzuri?" Akisita, shukuru na uende kwa mwingine, barua baridi ni mbaya kuliko kukosa barua.

Wenzangu darasani wabania noti na kesi. Nami nibanie?

Usibanie. Najua wanafanya, nimeona mtu akificha kwamba kuna kesi thieta ili aingie yeye peke yake kushika retrakta. Lakini fikiria nani anaangalia. Konsaltanti akitaka kumjua mtu hamuulizi yule mtu, awauliza masista wa wadi, awauliza mafundi wa thieta, amuuliza clinical officer aliyekaa naye zamu za usiku. Na hao wote wanajua nani anaacha sindano ovyo, nani anamfokea mama wa mgonjwa, nani anakula njama. Sista mkuu wa thieta akisema "yule kijana mzuri" hilo neno lina uzito wa barua nzima.

Halafu kuna jambo la kihesabu kabisa. Mnaoitaka nyurosajari kutoka Pwani hamfiki hata watu wa kujaza matatu. Mkisoma pamoja, mkagawana data, mkasahihishiana maelezo binafsi, mwaweza kuingia nyote kwenye miaka tofauti na kwenye programu tofauti, na baadae mtahitajiana maisha yenu yote manake ni nani mwingine utampigia saa tisa usiku kuuliza kuhusu uvimbe wa ajabu?

Hapa nyumbani, nichague MMed ya chuo kikuu au COSECSA?

Zote mbili zakufikisha. MMed ni shahada ya uzamili ya ubingwa, na ya Chuo Kikuu cha Nairobi wafunzwa Kenyatta National Hospital, huko wagonjwa ni wengi na wa kila aina, wajiunga na mfumo uliokaa miaka mingi, lakini walipa ada ya chuo. COSECSA ni chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa 1999, ofisi zake Arusha, na hakina kampasi: wewe watafuta hospitali iliyokubaliwa na mkufunzi aliyekubaliwa, wafanya kazi pale, wajaza kumbukumbu za kila upasuaji, halafu wafanya mitihani ya pamoja, kwanza MCS ya uanachama wa chuo, kisha FCS ya ubingwa wa nyurosajari. Yoyote utakayochukua hesabu isiyopungua miaka mitano.

Ushauri wangu: usichague jina, chagua mkufunzi na idadi ya kesi. Kabla hujajaza fomu panda SGR Miritini uende ukakae siku mbili tatu pale unapopataka, waulize marejista wa mwaka wa pili wamefanya nini kwa mikono yao, sio wameona nini.

Na msiisahau Dar es Salaam. Ni basi tu kupitia Lunga Lunga na Tanga. Muhimbili wana taasisi ya mifupa, MOI, yenye wapasuaji wa ubongo na mafunzo, na Weill Cornell ya New York imeshirikiana nao kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa Mombasa pale hata lugha ya wadini haimpi shida, wagonjwa wazungumza Kiswahili na wewe wazungumza Kiswahili, historia ya ugonjwa waipata kwa dakika tano.

Pesa je?

Pesa ndo mlango mgumu kuliko mitihani. Ada ya MMed ni laki kadhaa kwa mwaka na wewe wakati huo una familia. Wengi wategemea kaunti iwape likizo ya masomo na mshahara uendelee, kisha wafungwe mkataba wa kurudi kufanya kazi. Tangu afya igatuliwe 2013 hilo lategemea kaunti na kaunti, na foleni yake huwa ndefu, kwa hivo peleka ombi mapema na uweke wazi kwamba hospitali ya kaunti yako haina mtu wa fani hii ama ana mmoja. Hoja ya uhitaji yasikika zaidi kuliko hoja ya ndoto.

Kwenye intanshipu usitegemee kuweka akiba ya ng'ambo. Mwajua wenyewe yaliyotokea, mkataba wa 2017 wasema intani alipwe kama shilingi 206,000, serikali ikataka kulipa 70,000, na madaktari wakagoma siku 56 mwaka 2024. Mtu anayeanza maisha namna hiyo kisha aambiwe mtihani mmoja wa Step ni zaidi ya dola elfu moja, hapo vipaji vingi vyapotea na si kwa sababu ya akili.

Nikienda Marekani moja kwa moja baada ya intanshipu nina nafasi?

Ipo lakini ni nyembamba. Waliosomea nje ya Marekani wanaopata nyurosajari kila mwaka ni wachache, na wengi wao walikaa kwanza mwaka mmoja, miwili, hata zaidi kwenye idara moja wakifanya utafiti, mara nyingi bila mshahara ama kwa malipo madogo. Walifanya hivo ili wajulikane, si kwa ajili ya pepa tu. Ni lile jambo langu lilelile.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: fanya elektivu ya ng'ambo, yaani mazoezi ya hospitali unayojichagulia mwenyewe, ukiwa bado mwanafunzi. Hospitali nyingi za kule zamruhusu mwanafunzi kumgusa mgonjwa chini ya usimamizi, ila ukishahitimu wabaki mtazamaji, wasimama ukutani. Kama chuo chako kina kipindi cha elektivu kitumie hapo.

Viza ya kawaida ni J-1, na hiyo yahitaji barua ya Wizara ya Afya ya Kenya kwamba nchi ina uhitaji wa fani hiyo, na ukimaliza watakiwa urudi nyumbani miaka miwili. Muda wa juu wa J-1 kwa daktari kwa kawaida ni miaka 7, na residensi (mafunzo ya ubingwa) ya nyurosajari kule ni miaka 7 kamili, kwa hivo hakuna nafasi ya kuchezea. Saa za kazi zimewekewa kikomo cha 80 kwa wiki kwa wastani, hiyo ndo afueni yenyewe.

Mie ni msichana na navaa hijabu. Jamaa wasema hii si kazi ya mwanamke.

Alexa Canady alihitimu upasuaji wa ubongo Marekani 1981, mwanamke wa kwanza mweusi kule, akawatibu watoto miaka mingi. Leo wako wanawake Kenya, Afrika Kusini, Misri, wanafungua mafuvu kila wiki. Hijabu thieta haina tatizo, kuna kofia za upasuaji zinazofunika kichwa na shingo yote, waivaa safi ya mle ndani na mikono waiosha mpaka kwenye kiwiko kama kila mtu, halafu wavaa gauni la mikono mirefu. Zungumza na sista mkuu wa thieta mapema akuwekee za saizi yako.

Kuhusu ndoa na watoto, dada, sitakudanganya, miaka ya mafunzo yaangukia palepale kwenye miaka ya kuzaa. Waliofaulu niliowaona walikuwa na watu nyumbani waliokubaliana nao tangu mwanzo, si waliolazimishwa kukubali baadae. Kwa hivo anayekuposa mueleze kuhusu zamu za usiku kabla ya mahari, sio baada. Na mwanamume naye vilevile amwambie mchumba wake, kwa nini hili swali laulizwa wasichana peke yao?

Mikono yangu hutetemeka kidogo.

Karibu kila mtu hutetemeka mwanzoni. Kuna namna ya kuegemeza mkono, na mazoezi ya kushona kwenye ngozi ya kuku hadi uchoke. Ukiona kunazidi hata ukiwa umepumzika, muone daktari wa neva.

Mimi ni mzazi. Mwanangu yuko Form Four na ataka kuwa daktari wa ubongo kama Ben Carson. Nimshauri nini?

Mama, mwache atake. Ila mpigie hesabu ya kweli: miaka 6 ya MBChB, 1 ya intanshipu, kazi kidogo ya udaktari wa kawaida, kisha mitano au sita ya nyurosajari. Atakuwa na miaka 33, 35 ndo aitwe mtaalamu. Yale ya Carson kutenganisha mapacha walioungana vichwa mwaka 1987 yasisimua, lakini ilikuwa timu ya watu 70 hivi na upasuaji wa saa 22, na siku nyingi za kazi hii ni damu ya ajali na mrija wa kichwa maji ulioziba. Akiona hayo na bado aitaka, msaidieni. Kwa sasa asome kemia na bailojia, na alale vizuri.

Na nikikosa?

Wengi wazuri hukosa mara ya kwanza. Marekani kuna wanaochukua mwaka wa upasuaji wa jumla ama mwaka wa utafiti kisha waaplai tena, lakini kabla hujarudia muulize mtu aliyesoma faili lako akwambie ukweli lilipungua nini, kurudia na faili lilelile ni kupoteza mwaka. Hapa Kenya waweza kuanza na upasuaji wa jumla, ama kubaki wadini ukijenga jina ukisubiri kaunti. Na neurolojia, radiolojia ya ubongo, ganzi na ICU zote zamgusa mgonjwa yuleyule, sizitaji kama za waliofeli, huku Pwani mtu wa neurolojia ni adimu mno.

Muhula huu nianze na nini?

Kama uko mwaka wa tatu ama wa nne, jifunze kumpima mgonjwa wa neva kutoka kichwani mpaka unyayoni bila kuangalia karatasi, na uhudhurie raundi ya nyurosajari hata mara moja kwa wiki. Mwaka wa tano, tafuta msimamizi na uandike pendekezo la ukurasa mmoja, swali moja tu. Mwaka wa sita, panga elektivu. Ukiwa intanshipu, weka daftari la kila kesi uliyoingia: tarehe, umri, ulifanya nini wewe mwenyewe, nani alikusimamia, bila jina la mgonjwa. Programu zitakuuliza, na ukianza kukumbuka baada ya miaka miwili hutakumbuka. Kwa wanaotaka kutumia likizo ya Desemba kukusanya data, pendekezo lifike kamati ya maadili mwezi wa nane ama wa tisa, manake huwa yarudishwa kusahihishwa angalau mara moja, na leseni ya NACOSTI haitoki mpaka ile idhini iwe mkononi.